Macho Yako na Uso wa Bibi

Kibeta,
Bukoba.
9 Machi 1993

Mpendwa mwanangu Joviana,

Pokea salamu zetu nyingi kutoka huku nyumbani. Tangu asubuhi mvua inanyesha, shamba halilimiki, na ndiyo maana leo mimi shangazi yako nimepata nafasi ya kukaa mezani nikuandikie kwa utulivu. Je, hujambo? Baridi ya huko Ujerumani imepungua, au bado mnatembea mmejifunga kama mizigo? Unakula? Tafadhali usinijibu tena kwamba unakula viazi. Nimeuliza chakula.

Sisi hatujambo, Mungu anatusaidia. Bibi yako ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua, na ulimi wake haujapata ugonjwa wowote. Mdogo wako Rozi anaendelea na shule, na amerefuka mpaka amenipita. Mume wangu Mutembei anakohoa kwa sababu ya kile kiko chake cha tumbaku, lakini ukimwambia hivyo anasema ni vumbi. Vumbi gani, na mvua hii?

Kahawa imechanua vizuri mwaka huu. Ukipita kibanjani kwenye mibuni asubuhi kote kunanukia.

Tumezika tena. Juma lililopita tulikuwa Hamugembe kwa yule fundi cherehani aliyekushonea sare yako ya kwanza ya sekondari, na mkewe naye hali yake si nzuri. Sitakuandikia majina mengine, maana barua zangu zimekuwa kama matangazo ya kanisani na wewe uko mbali, huna mtu wa kulia naye. Waombee tu.

Sasa nije kwenye macho yako.

Barua yako niliisoma kwa sauti sebuleni, Mutembei na Rozi wakisikiliza, mpaka pale ulipoandika kwamba yanayofuata ni yangu peke yangu. Hapo nikaikunja, wakaninunia wote wawili. Lakini habari za mashine walizisikia: kwamba hapo hospitalini mnapojifunzia uuguzi kuna mwanga unaoitwa leza, kwamba unachonga ile ngozi nyembamba ya mbele ya jicho, na mtu anaamka anaona bila miwani. Kwamba unalala macho wazi, unawekewa matone ya ganzi, unakazia macho taa ndogo nyekundu, na kabla hujamaliza Salamu Maria kazi imekwisha. Kisha unakaa siku kadhaa jicho likiwasha kama limeingiwa mchanga, na matone miezi na miezi, na wengine wanabakiwa na ukungu mbele ya jicho.

Mutembei alisema yeye amewahi kusikia mwanga unaomulika, mwanga unaochonga hajausikia, akauliza ni mwendawazimu gani aliyelala wa kwanza ili ajaribiwe. Nikamwambia hata senene, wale panzi, kuna mtu aliyewala wa kwanza, na leo yeye anawasubiri kuliko Krismasi.

Mimi kilichonishika ni maneno ya daktari wako. Kwamba jicho la kulia lilibadilika tena mwaka jana, kwa hiyo macho yako hayajatulia bado. Kwamba kwa kijana wa umri wako, na kwa macho mabovu kama hayo, yeye anakushauri usubiri mwaka mmoja au zaidi, kwa sababu wakikuchonga leo na jicho likaendelea kubadilika, utarudi kwenye miwani na jicho litakuwa limeshaguswa. Lakini wewe ni mtu mzima, na ukishikilia, atakufanyia Mei. Na wewe unashikilia. Unataka Mei, ili Agosti ukija likizo uje bila miwani, upige magoti mbele ya Bibi na kumwona uso, kabla hajafa.

Hayo ndiyo uliyoniandikia mimi peke yangu. Nitakujibu, ila acha nianzie mbali, maana ulikuwa mdogo na mengine huwezi kuyakumbuka.

Kabla ya vita vya Amin watu walisema una majivuno. Mtoto wa kike anapita njiani, anakutana na wazee, hapigi magoti, hasalimii, anakwenda zake. Mama yako Petronila alikuchapa kwa hilo huku mwenyewe akiona aibu, maana kwetu mtoto asiyesalimia anamchafulia mama yake jina. Hukumwambia mtu kwamba huwaoni. Ungesemaje? Ulidhani watu wote wanaona kama wewe. Basi ukajiamulia mwenyewe kusalimia kila kitu kilichosimama. Ndiyo ile siku ulipopiga magoti kwenye tope mbele ya koti la Mutembei lililoanikwa kwenye shina la mgomba uliokatwa, ukaliamkia kwa adabu zote, na ukangoja likuitikie. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mutembei hadi leo analalamika kwamba tangu amuoe mtu wa ukoo huu hajawahi kuheshimiwa kama lilivyoheshimiwa koti lake. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtoto mwenye akili zake aamkie koti.

Kisha vita vikaja. Ndege za Amin zilipoanza kutupa mabomu mjini, tulitoka Hamugembe kwa miguu kuelekea Muleba, magodoro kichwani, kuku mikononi. Pale Kemondo watu walikuwa wengi mno. Mama yako alikuwa amejifunga kanga ya njano, na wewe ulifuata kanga ya njano mpaka jua likaanza kushuka. Mlipofika Muhutwe yule mwenye kanga akageuka na kusema neno, ndipo ukajua kwa sauti kwamba si mama yako. Sisi huku nyuma tunaita jina lako mpaka sauti zimetukauka.

Yule mama hatukumjua jina wala kwao. Lakini alikukalisha juu ya mzigo wake kando ya barabara na akakataa kuondoka, wakati kila mtu anampigia kelele kwamba askari wa Amin wanakuja. Tulipofika hakutugombeza. Alisema tu, "Mtoto wenu huyu haoni," akajitwika mzigo wake akaenda. Mimi humkumbuka mama yule kila Novemba tunapowaombea marehemu, ingawa sijui kama amekufa. Ni yeye aliyegundua ugonjwa wako, na sisi tulikuwa tukilala nawe chumba kimoja miaka yote.

Vita vilipokwisha, Sista daktari wa misheni alikupima, akatikisa kichwa, miwani ikaletwa kutoka ng'ambo. Fremu ya kahawia, ya mwanamume mzima, tukaifunga nyuma kwa uzi wa katani ili isianguke. Nilikushika mkono tukashuka hadi ufukweni. Ulisimama ukauliza kile kitu kilichokaa ndani ya maji ni nini. Nikakwambia hicho ndicho kisiwa cha Musira. Ukasema ulidhani Musira ni maneno tu ya watu wazima.

Na hapo ndipo Bibi alipoleta sheria yake.

Wewe unamjua. Kwa watu wa enzi zake huendi mbele ya mkubwa ukiwa umejifunika. Kofia unavua, mwavuli unakunja, mzigo unatua, ndipo unaamkia. Miwani yeye aliiweka kundi moja na kofia. Alisema hawezi kuamkiwa na mtu aliyejificha nyuma ya vioo. Basi wewe ukifika mlangoni unavua, unaifumbata kiganjani, unapiga magoti, unaamkia, na huivai tena mpaka uondoke mbele yake. Asubuhi na jioni, miaka yote, bila kununa hata siku moja. Mpaka padri alikutolea mfano kwenye mafundisho. Sisi tulikuona una adabu, na kweli ulikuwa nayo. Lakini jicho lako bila miwani linaona mwisho wa kiganja chako, na Bibi alikuwa anakaa kule kwenye kona yake ya ndani, gizani, umbali wa mkono mzima mbele yako. Kwa hiyo uliamkia kivuli. Ulijua sauti yake, ulijua anavyosafisha koo, ulijua harufu ya punje za kahawa anazotafuna. Nilikuwa nastaajabu jinsi unavyowajua watu kwa nyayo zao kabla hawajafika uani. Nilidhani ni kipaji tu.

Halafu msiba wa mama yako. Ugonjwa huu unaotuzikisha kila juma ulikuwa umeshamchukua kaka yangu, baba yako, ukarudi kumchukua yeye. Ulitoka shule ukakuta jeneza limewekwa sebuleni, na Bibi amekaa chini kwenye majani ya msiba pale upande wa kichwa. Watu wakapita mmoja mmoja kumwona uso kwa mara ya mwisho. Zamu yako ilipofika ulisogea, ukapiga magoti, ukavua miwani. Nilikuona. Nilijisemea moyoni, mtazame mtoto huyu, hata leo katika machungu haya hakusahau mafunzo ya nyumbani. Nilijivunia wewe.

Sasa ndiyo unaniandikia kwamba uliona kitu cheupe na kitu cha kahawia, basi. Kwamba ulipokumbuka miwani ilikuwa mkononi, wameshafunika. Kwamba miaka sita hujamwambia mtu, na usiku unajaribu kuuunganisha uso wa mama yako kutoka kwenye picha ya kipaimara ambamo amesimama nyuma kabisa. Na hutaki likupate tena kwa Bibi, ndiyo maana uko tayari kuyaweka macho yako kwenye hatari mwezi Mei kuliko kusubiri mwaka.

Nimelia, mwanangu. Nililia jikoni ili wasinione, halafu nikasema ni moshi.

Uliniomba nisimwambie Bibi. Nimemwambia.

Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Mimi ndiye shangazi yako, na yeye ndiye aliyenizaa, na ninyi wawili mnaheshimiana mpaka mtaumizana. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikakaa chini nikachukua kisu nikamsaidia, nikamweleza yote, ya mashine, ya daktari, ya Mei, mpaka nikafika kwenye jeneza. Kisu chake kikasimama.

Akaniuliza, "Ni mimi niliyekuwa nimekaa pale kichwani?"

Nikamjibu ndiyo, mama.

Kisha akasema, "Kwa hiyo mtoto huyu hanijui."

Nikamwambia anakujua, mama, anajua sauti yako, anajua mikono yako, hata kikohozi chako anakijua. Akasema hayo hata kipofu anayajua. Akarudi kwenye ndizi zake. Lakini alikuwa anamenya vibaya, anatoa maganda mazito na nyama yake, yeye ambaye hutugombeza kwa kosa hilo hilo. Sikuthubutu kumwambia.

Kesho yake akaja Mwalimu Damian. Huyu ni mgeni kwako, alihamia hapa jirani ulipokuwa umeshaondoka. Ni mwalimu wa shule ya msingi na ndiye anayeongoza Njia ya Msalaba kigangoni kwetu Kwaresima hii. Naye anavaa miwani. Kwa kuwa ameoa huku na anajua desturi za Bibi, akifika kwetu huivua pale langoni, akavuka uani akipapasa, na mbuzi wetu ameshamwangusha zaidi ya mara moja. Basi siku hiyo amepapasa mpaka mlangoni, ameinama kuamkia, Bibi akamwambia, "Vaa."

Mwalimu akanigeukia mimi, kama mtu anayeomba msaada.

"Vaa miwani yako, mwalimu, kisha uniamkie."

Akavaa. Ungemwona, jasho linamtoka kama anakaguliwa na mkaguzi wa elimu. Akaamkia. Bibi hakuitikia mara moja. Alimtazama, akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule. Mwisho akasema, "Kumbe ni macho tu." Halafu akamuuliza, "Unaniona?"

"Ninakuona, mama."

"Unaona nini?"

Maskini Damian, mtu wa watu. Alifikiri, akasema, "Naona umezeeka vizuri, mama."

Bibi alicheka, Joviana, sijamsikia akicheka vile tangu tuzike wanawe. Alicheka mpaka Rozi akaleta maji. Na tangu siku ile mwalimu ameamriwa apite kila jioni akitoka shuleni, amwamkie na miwani usoni. Nilimuuliza Bibi ni ya nini yote hayo. Akasema kutazamwa ni kazi, anajizoeza.

Niseme ukweli, mimi mama yangu huwa namwogopa, na mara nyingi ananichosha. Lakini siku hizi ninamtazama tu na kumshangaa. Mtu wa umri ule, aliyezika watoto wake na wakwe zake, ambaye angeweza kusema mimi ndivyo nilivyolelewa, nikomeni. Sijui kama mimi nikifika umri wake nitaweza.

Huu ndio ujumbe wake, nimeuandika neno kwa neno alivyosema, ila yeye alisema kwa Kihaya: "Mwambie aje na miwani yake usoni. Asiivue langoni, asiivue mlangoni. Apige magoti karibu, anitazame mpaka achoke. Mimi nimemtazama tangu alipozaliwa, sasa ni zamu yake." Nilipomkumbusha kwamba unaogopa mwaka ni mrefu kwake, alisema kuhusu kufa yeye hajaambiwa tarehe, na Agosti si mbali.

Kwa hiyo, mwanangu, Mei haina kazi tena. Bibi ameiondoa.

Sikukatazi hiyo leza, unielewe. Mimi si daktari, nami ninamheshimu sana huyo wako, maana mtu mwenye mashine ya ajabu kama hiyo mkononi na bado anakwambia usubiri, huyo anakupenda kuliko anavyoipenda mashine yake. Mtii. Subiri macho yatulie, kisha uamue kwa ajili ya macho yako mwenyewe. Uliwahi kuniandikia kwamba ukimaliza unataka kufanya kazi kwenye zahanati za visiwani, Goziba na kule kwa wavuvi. Hilo naliona ni jambo la maana la kupimia. Kwenye mtumbwi maji yanakurukia usoni mpaka ufike, na miwani ikiangukia ziwani, fundi wa kukutengenezea nyingine yuko Mwanza. Kwa ajili hiyo ukiniambia unalala chini ya mwanga, nitakuombea, na Mutembei nitamfunga mdomo.

Lakini kabla ya hapo umuulize daktari maswali ya hapa kwetu. Hayo matone ya miezi utayapata wapi ukiwa Goziba? Huo ukungu ukitokea, nani atakuangalia? Na moshi wa kuni je, na vumbi la Julai, vinaruhusiwa kwenye jicho lililochongwa? Akikujibu vizuri, mimi sina neno. Akikuna kichwa, ngoja kwanza.

Na mwisho kabisa niseme hili, kwa kuwa sijawahi kukuambia. Wewe ulipita utoto wako wote katika ukungu na hukumlaumu mtu. Ulijifunza kusoma ukiwa umeweka pua kwenye daftari. Ulisalimia kila kitu kilichosimama ili mama yako asione aibu. Halafu ukaenda nchi ya baridi kujifunza kuuguza, na kwetu huku ndivyo tunavyohitaji kuuguzwa. Mimi shangazi yako ninakustaajabia, na ninajivuna kwamba ni damu yetu.

Rozi anakusalimu na anaomba umletee kalamu za rangi, si za risasi. Mutembei anakusalimu, na anasema ukija usisahau kuliamkia koti lake, bado lipo na bado linangoja. Mwalimu Damian anakusalimu ingawa hamjuani, na anasema uje upesi umpokee zamu. Majirani wote wa Kibeta wanakuulizia. Mungu akulinde, Bikira Maria akufunike na vazi lake, na akufikishe kwetu Agosti ukiwa mzima.

Bibi amekataa kukutumia salamu kwenye karatasi. Anasema zake atakupa mwenyewe. Ila tangu juzi amemwamuru Rozi akitoe kigoda chake kule kwenye kona ya ndani alikokaa miaka yote, akiweke hapa karibu na mlango, panapoingia mwanga. Nilipotaka kukirudisha kwa sababu ya mvua, alinifukuza. Alisema kibaki hapo hapo mpaka mtoto aje.

Mimi shangazi yako akupendaye,
Verdiana